Ndege Tutakupa, Njia Hapana

Ukitaja kanga katika kitivo hiki, wengi wa wenzangu huona nguo: mji, pindo na jina. Mimi niliyekulia Shasha, kando ya Ziwa Kivu, huona kwanza ndege, mweusi mwenye madoa madogo meupe, anayetimua mbio kichakani kabla hujamtazama vizuri. Siwalaumu wenzangu. Hata wanaosimulia asili ya nguo hiyo husema jina lilitoka kwa ndege, kwa sababu vitambaa vya mwanzo vilikuwa na madoa kama ya manyoya yake.

Ndege huyu amegawa jina lake mbali zaidi ya Pwani. Bata mzinga asili yake ni Amerika. Alipofika Ulaya katika karne ya 16, Waingereza walimpa jina ambalo tayari walikuwa wakimwitia kanga, aliyewafikia kupitia wafanyabiashara wa milki ya Uturuki. Hadi leo anaitwa kwa jina la nchi ambayo hakutoka. Wafaransa walimwita kuku wa Uhindi, na neno lao dindon bado limebeba Uhindi huo tumboni. Linnaeus naye, alipompangia jina la kisayansi, alichagua Meleagris, neno ambalo kwa Wagiriki wa kale lilikuwa la kanga. Kwa hiyo kila majira ya machipuo, Wamarekani wanapoingia msituni alfajiri pamoja na baba zao na marafiki zao, wakaketi chini ya mti na kumwita bata mzinga dume kwa kuigiza sauti ya jike, wanamwinda ndege anayetembea na jina la kuazima kutoka kwetu.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka, maana yaliyobaki yote nilikuwa nayafahamu: alfajiri, wazee, marafiki, kuketi kimya, sauti ya kuigiza. Tofauti ni kwamba sisi hatuna machipuo. Tuna Septemba.

Shasha ipo wilayani Masisi, mkoa wa Kivu Kaskazini, kwenye barabara ya taifa namba 2 inayotoka Goma, inapita Sake, kisha inaambaa na ziwa kuelekea Minova na Bukavu. Ziwa lenyewe liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mashamba yetu huanzia karibu na barabara yakapanda mlima. Ukisimama katikati ya shamba la bibi unaliona ziwa lote chini yako. Ukigeuka, unaona migongo ya vilima ikipandana kuelekea magharibi, ambako mbele ya Masisi kuna Walikale na msitu mkubwa.

Mvua za Septemba zinapoanza, watu hupanda maharage na mahindi. Kwale anajua. Anashuka asubuhi na mapema kutoka kichakani, anafuata mstari wa mbegu na kuzifukua moja baada ya nyingine kana kwamba ni yeye aliyezipanda. Kanga nao huja kwa makundi, wakachakura shamba zima kwa muda ambao mtu hutumia kunywa chai. Kwa hiyo uwindaji wetu haukuanza kwa tamaa ya nyama. Ulianza kwa mbegu. Mama na shangazi walipanda mchana, na sisi tulipanda mlima usiku wa manane ili tuwe mahali petu kabla ya mwanga.

Tulikuwa watu sita au saba. Kiongozi alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba. Alifuatwa na baba, yaya wangu, binamu wawili, na rafiki yetu mmoja wa Kirotshe aliyeweza kuigiza sauti ya kwale dume kwa kukunja ngumi na kupuliza ndani yake. Miaka mingine alikuja pia mjomba, kaka yake mama, kutoka Walikale. Mimi nilianza kwenda nikiwa na miaka kumi na mmoja, mwaka 2012, na mara ya mwisho ilikuwa Septemba 2021, kabla sijasafiri kuja kusoma.

Zana zetu hazikuwa nyingi. Kwa kwale tulitumia kitanzi cha mguu: fito mbichi inachomekwa ardhini na kupindwa, uzi unafungwa kwenye ncha yake, na kijiti kidogo kinaizuia fito isinyooke. Kwale akikanyaga kijiti, fito inanyooka na uzi unamkamata mguu. Zamani uzi ulisokotwa kwa nyuzi za mimea. Wakati wetu tulichukua nailoni ya wavuvi, kwa sababu Shasha huwezi kukosa mtu mwenye wavu uliochakaa. Mitego iliwekwa pale kichaka kinapokutana na shamba, kisha yule rafiki wa Kirotshe aliita. Kwale dume akisikia sauti ngeni katika eneo lake hawezi kuvumilia. Anajibu, anasogea, anajibu tena, hadi unasikia majani makavu yakivunjika chini ya miguu yake.

Uzuri wa kitanzi cha mguu ni kwamba ndege anapatikana hai. Kwale dume na jike hufanana manyoya. Dume unamtambua kwa kipi kilicho nyuma ya mguu. Baba mkubwa alimwinua kila ndege, akaupapasa mguu wake kwa kidole gumba gizani, akasema neno moja. Akisema la jike, uzi ulifunguliwa na ndege akaruka. Septemba ni mwezi wa kuatamia, na aliyemchukua jike alihesabiwa kuwa amekula mbegu za mwaka ujao. Juu zaidi, kwenye mabaki ya msitu wa mlimani, huishi kwale mwingine, mwekundu miguu na mdomo, ambaye wanasayansi humwita Pternistis nobilis. Hapatikani popote duniani isipokuwa katika milima hii ya mashariki mwa Kongo na ya jirani zetu Rwanda, Burundi na Uganda. Huyo hatukumgusa. Baba mkubwa hakuwa amesoma kitabu chochote cha ndege. Alisema tu kwamba yule hajawahi kushuka kuiba maharage yetu, kwa hiyo hatuna kesi naye.

Kanga waliwindwa kwa njia nyingine, nayo ilikuwa kazi ya mjomba. Mjomba ni Mnyanga, na alikuja na mbwa wake wawili wadogo wa rangi ya udongo, mkia umekunjwa mgongoni. Mbwa hao hawabweki, kwa hiyo huvishwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue walipo. Wavu ulitandazwa kati ya vichaka, watu wakajipanga nyuma yake, mbwa wakaachiwa kutoka upande wa pili. Kanga hukimbia kwanza, kuruka huja baadaye, na tegemeo la wavu ni zile hatua za kukimbia. Mwenye mbwa alipata paja. Mwenye wavu alipata mgongo. Firigisi ilipelekwa kwa bibi, ambaye hakuwa na jino la kuitafunia lakini hakukubali impite.

Sasa niseme habari ya bunduki, kwa sababu kila ninapowasimulia wenzangu huniuliza. Hatukuwa na bunduki. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, inayosimamia uwindaji nchini Kongo, inazungumzia vibali, misimu na wanyama wanaolindwa, na ng'ambo ya Sake ipo Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambako hakuna mtu wa kwetu anayethubutu kutega. Lakini sababu yetu ilikuwa nyepesi kuliko sheria. Masisi mlio wa bunduki una maana moja. Ukisikika alfajiri mlimani, hakuna atakayefikiria kwale: mama atafunga godoro, watoto wataamshwa, na nusu ya kijiji itakuwa barabarani kabla hujamwokota ndege wako. Sisi tuliwinda kimya kwa sababu kelele ilikuwa na wenyewe.

Kimya hicho ndicho kilichonifanya niwe mwanaisimu, ingawa wakati huo sikujua kwamba kuna kazi ya namna hiyo. Njiani tulikuwa na mwiko wa kutaja. Kwale hakuitwa kwale, aliitwa mgeni. Mtego uliitwa mlango. Kuua kuliitwa kulaza. Ukitamka jina lenyewe, baba mkubwa hakukukemea. Aligeuka tu na kuanza kurudi nyumbani, na kundi zima likamfuata, na wiki hiyo nzima ulikuwa wewe uliyeipotezea familia kitoweo. Kwa hiyo tulijifunza lugha mbili kwa wakati mmoja: Kihunde cha nyumbani na Kihunde cha mlimani. Cha pili kilikuwa na maneno machache, nusu yake yakisemwa kwa mkono, kwa kidevu au kwa kukohoa.

Nilipofika chuoni na kuketi kwenye darasa la isimu linganishi, maneno ya nyumbani yalianza kujipanga upya. Kwale wa Kiswahili ni inkware kwa Kinyarwanda, enkwale kwa Kiganda, inkwali kwa Kizulu. Kanga ni nkhanga kwa Kichewa na hanga kwa Kishona. Wanaisimu waliofanya kazi ya kuunda upya maneno ya Mame-Bantu, akiwamo Malcolm Guthrie, waliyarudisha majina ya ndege hawa wawili hadi kwa babu zetu wa pamoja. Nilielewa nini maana yake: watu walipoanza safari ndefu ya kuenea katika nusu ya bara hili, walitembea na majina hayo mdomoni, na mahali walipolima shamba jipya walimkuta mwizi yuleyule akiwasubiri.

Katika uainishaji wa Guthrie, Kinyanga ni D43 na Kihunde ni D51. Mezani kwetu Shasha, namba hizo zilikula sahani moja. Mjomba alisema Kinyanga, baba mkubwa alijibu Kihunde, na palipokuwa na ugumu wote wawili walikimbilia Kiswahili. Kwa msomaji wa fasihi simulizi, Wanyanga si wageni. Mwaka 1956 Candi Rureke, mtambaji wa Kinyanga, alimsimulia na kumwimbia Daniel Biebuyck tendi ya Mwindo, na mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene waliichapisha ikiwa na matini ya Kinyanga. Mateene, ambaye mwenyewe ni mwanaisimu wa kwetu, baadaye aliandika pia sarufi ya Kihunde. Wengi husoma tendi ile kama habari ya mtoto aliyezaliwa akitembea na kupigana na baba yake. Mjomba aliisimulia kama habari ya uwindaji. Mwindo, akiwa ameshatwaa utawala, anatamani nyama ya nguruwe mwitu na kuwatuma wawindaji na mbwa. Wanakutana na Kirimu (jina ambalo ukilitazama kwa jicho la isimu linganishi utaona undugu wake na zimwi na mzimu), naye anawameza. Mwindo anamuua Kirimu. Kumbe Kirimu alikuwa amechanjiana damu na Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anamchukua Mwindo juu mbinguni, anamtesa kwa baridi, mvua na jua muda wa mwaka mzima, na anaporudishwa duniani amepigwa marufuku kuua mnyama yeyote tena. Mjomba alipenda kumalizia hapo, huku akiwafunga mbwa wake: huwezi kujua mnyama unayemuua amechanjiana damu na nani.

Mwezi wa Februari 2024 vita vilifika Shasha. Sitaeleza siasa yake; magazeti yameeleza. Kwa watu wa kwetu jambo la kwanza lilikuwa barabara. Barabara ya Sake kwenda Minova ilipokatika pale Shasha, Goma ilipoteza njia yake ya kuletewa maharage, viazi na mihogo kwa gari, na watu wakahamia ziwani. Wasomaji watakumbuka mashua iliyotoka Minova ikazama karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024 na kuua watu wengi. Waliokuwemo ni watu ambao miaka mingine wangepita mbele ya nyumba yetu ndani ya basi.

Familia yangu haikutoka kwa barabara wala kwa ziwa. Ilitoka kwa mlima. Usiku ule baba mkubwa aliwapanga watu kama alivyotupanga sisi siku za kwale: mtu mmoja mbele, mtoto katikati ya wakubwa wawili, hakuna taa, hakuna kutaja. Walipita njia zetu za kutegea, ambazo hazionekani kutoka barabarani na haziko kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona. Bibi alibebwa mgongoni. Ilipofika asubuhi walikuwa wameshavuka migongo miwili ya vilima, na baada ya siku kadhaa waliteremka upande wa Goma na kupata nafasi katika kambi ya Bulengo.

Hapo Bulengo ndipo nilipowakuta Julai mwaka huohuo, nikiwa na kinasa sauti na mada ya tasnifu iliyokuwa imeshapitishwa: msamiati wa uwindaji wa ndege katika Kihunde cha Shasha. Hema lilikuwa la turubai jeupe juu ya mawe meusi ya volkano. Nilikaa nao wiki tano. Baba mkubwa alifurahi kupata kazi. Kila asubuhi alivaa koti, akaketi kwenye jerikani iliyolazwa, akasema, «Leta mashini.» Maneno hayo sitayaandika hapa, kwa sababu Kihunde ni lugha ya toni, na bila alama zake neno la mtego linaweza kusomwa vingine, yatakuwa kwenye tasnifu. Yalifika vidahizo 140, kuanzia sehemu za fito hadi namna tisa za kukimbia za kanga.

Lakini nilijifunza mapema kwamba neno halitoki mdomoni peke yake. Kuna maneno ambayo baba mkubwa aliyatafuta akiwa ameketi na hakuyapata. Aliinuka, akapiga goti, akainamisha mgongo kana kwamba anachomeka fito, na neno likaja. Siku moja aliomba fito halisi anionyeshe fundo. Hapakuwa na fito kambini. Kila kijiti kilikuwa kimeshakuwa kuni. Tulitumia waya wa kushikia turubai. Alifunga, akafungua, akatikisa kichwa, akasema waya haujui kupinda. Neno la kile kitendo, la fito mbichi kukubali kupindwa bila kuvunjika, lilitoka siku mbili baadaye, alipokuwa akimnyoosha mjukuu wake mkono uliolala. Nikakimbilia kinasa sauti.

Msimamizi wangu alikuwa ameniomba sura moja ya majina ya mahali. Ombi lake lilikuwa la haki. Majina ya njia za uwindaji ni hazina kwa mwanaisimu: mengi ni sentensi nzima zilizogandishwa kuwa jina, yenye vitenzi ambavyo havitumiki tena nyumbani, na viambishi vya mahali ambavyo vijana wa leo huviacha. Kwa hiyo siku ya ishirini na kitu nikamwomba baba mkubwa anitajie zile njia, moja moja, na aeleze kila jina linasema nini.

Alizima mashini mwenyewe. Hakukasirika. Alinitazama kama alivyokuwa akiutazama mguu wa ndege.

«Mutoto yangu,» akasema, «majina ya ndege tutakupa yote. Ya njia, hapana.»

Nilimweleza kwamba katika tasnifu ningeweza kuyaandika bila ramani. Akasema jina lenyewe ndilo ramani, na kweli lilikuwa hivyo. Jina moja linakuambia upite mmoja mmoja. Jingine linakuambia maji yako upande gani. Jingine linakuambia kwamba mahali hapo mtu akisimama haonekani kutoka ziwani. Mwenye kuyajua majina yote kumi na moja, kwa mpangilio wake, anaweza kutoka shambani kwa bibi hadi upande wa pili wa vilima katika giza bila kuuliza. Nikamweleza kwamba kuna hifadhi za kidijiti za lugha, kwa mfano ELAR, iliyoanzia London na sasa iko Berlin, ambako mwenye lugha anaweza kuagiza sehemu fulani ifungwe na isifunguliwe bila ruhusa. Akasikiliza hadi mwisho.

«Kama kuko ufunguo,» akasema, «kuko mwenye ufunguo.»

Niliporudi nilimweleza msimamizi wangu. Aliniuliza swali ambalo kila mmoja wetu kitivoni anapaswa kuulizwa: na wazee hao wakifa? Lugha za aina hii zinapotea, na anayekaa na maneno bila kuyaandika anashiriki kuyazika. Nimelifikiria swali hilo kwa mwaka mzima na silidharau. Tunafundishwa, na ni kweli, kwamba uwekaji kumbukumbu wa lugha ni kazi ya dharura. Tunafundishwa pia kuomba idhini. Lakini fomu ya idhini tunayoijaza inadhani kwamba hatari iko kwa mtu: jina lake, picha yake, sauti yake. Haina mahali pa kuandika kwamba neno lenyewe, bila mtu yeyote kutajwa, linaweza kumfikisha mwenye silaha mahali ambapo bibi amefichwa.

Na kuna jambo la pili, ambalo ni la isimu hasa. Nilipokuwa nikiandika sura ya mwiko wa kutaja, ile ya mgeni na mlango na kulaza, niligundua kwamba nilikuwa nikiieleza kama desturi ya pembeni, kama pambo la msamiati. Kumbe ndiyo kanuni kuu. Kihunde cha mlimani kimejengwa juu ya kujua kipi kisemwe, kwa nani, na umbali gani kutoka kwa anayesikiliza. Mtu anayetamka kila anachokijua hajui lugha hiyo. Kwa hiyo baba mkubwa aliponinyima majina hakunipunguzia data. Alinipa mfano wa kanuni ukiwa hai, katika mazungumzo halisi, na mimi nikiwa ndiye msikilizaji asiye wa kuambiwa yote mbele ya mashini. Mfano huo nimeuandika. Msimamizi wangu alisoma sura hiyo, akaandika pembeni kwa penseli kwamba inatosha, na sehemu ya majina ya mahali ikaondolewa katika mpango wa tasnifu.

Kuhusu kufa kwa wazee, jibu langu ni la mtu mmoja tu, silipendekezi kwa kila lugha. Majina yale sikuyajua kwa kuyasikia Bulengo. Niliyajua nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikitembea nyuma ya kisigino cha yaya wangu. Binamu zangu wanayajua. Watoto waliobebwa usiku ule wa Februari wanayajua baadhi yake, na hawatayasahau. Njia hizo zina wasemaji wengi kuliko baadhi ya vidahizo vyangu 140. Kinachoweza kuziua si kukosa kuandikwa. Ni kukosa kutembelewa.

Na hapo ndipo penye shida. Januari 2025 vita vilifika Minova, Sake na Goma yenyewe, na mwezi uliofuata kambi za pembezoni mwa Goma zilibomolewa. Watu wetu walirudi Shasha na maturubai yao mgongoni. Mashamba ya juu hayajalimwa tangu waondoke. Baba mkubwa ananiambia kwa simu kwamba kwale wamekuwa wengi sana. Asubuhi wanaitana kutoka kila upande, madume yanapigana mchana kweupe, na kanga wanafika hadi uani. Hakuna anayepanda kuwatega. Vichakani kumebaki vilipuzi, na mbuzi wa jirani ameshakufa kwa kimoja. Ndege wapo, mbegu zipo chache, fito mbichi zimejaa kila mahali, na njia kumi na moja zimeota majani.

Mjomba yuko Walikale. Mbwa mmoja alibaki. Yule rafiki wa Kirotshe anauza mkaa Goma, na husema bado anaweza kuita, ila pale mjini watu watamdhania mwendawazimu.

Septemba mwaka huu, mvua zilipoanza, baba mkubwa alinipigia. Tuliongea habari za maharage, za bei ya mbegu, za mguu wake. Kisha akaniuliza kama bado ninazo. Kwenye simu hatutaji, kwa hiyo hakusema ni nini, nami sikuuliza. Akaniambia nihesabu. Nikashusha simu kidogo, nikaanza shambani kwa bibi, nikapanda, nikapita mmoja mmoja palipo pa kupita mmoja mmoja, maji nikayaacha mkono wa kulia, hadi nikafika upande wa pili.

«Zimetimia,» nikamwambia.

«Aya,» akasema. «Soma muzuri.»